Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kumbukumbu za taifa: wapokeeni watu wetu waliokwenda vitani

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya utamaduni na ya makumbusho, kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kwa maafisa utamaduni wa mikoa na wilaya zote.

YAH: SIMULIZI ZA FAMILIA KUHUSU NDUGU WALIOTUMIKIA VITANI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la historia, mkazi wa wilaya ya Masasi, na nawaandikia hadharani kwa sababu jambo ninalolileta si la familia yangu peke yake. Karibu kila ukoo katika nchi hii una mtu aliyekwenda vitani, ama kwa kushika bunduki ama kwa kubebeshwa mzigo, na karibu kila ukoo una mzee mmoja au wawili waliobaki ambao bado wanaweza kueleza aliondoka vipi, alirudi vipi, au habari za kifo chake zilifikaje nyumbani. Ombi langu ni kwamba Serikali ifungue mahali rasmi pa kupokea habari hizo, zikiwa na majina ya wenyewe, kabla wazee hao hawajatutoka.

Naanzia Dar es Salaam, kwenye Sanamu ya Askari. Kila mmoja wenu ameipita mara nyingi, pale mtaa wa Samora, yule askari wa shaba aliyeinama kidogo na kuelekeza singe yake upande wa bandari. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, nayo yanawataja askari wenyeji waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, kisha yanawataja wachukuzi, wakiitwa miguu na mikono ya jeshi. Mwisho inakuja ahadi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nilisimama mbele ya maneno hayo mara ya kwanza nikiwa kijana wa chuo cha ualimu, nikayasoma mara mbili, kisha nikazunguka sanamu yote nikitafuta majina. Sikukuta jina hata moja la mchukuzi. Ahadi ilitolewa na watawala, lakini kazi ya kukumbuka waliachiwa watoto.

Watoto waliifanya kazi hiyo, na hilo ndilo hasa nataka mlisikie. Waliifanya bila karatasi, bila mshahara na bila kuambiwa na mtu.

Baba wa babu yangu nilimwahi. Alifariki nikiwa darasa la tatu, akiwa mzee sana, mwenye miguu iliyopungukiwa vidole vitatu vilivyoliwa na funza njiani. Alibebeshwa mizigo na pande zote mbili. Wajerumani walimchukua kwanza kupitia kwa akida, mtawala mdogo waliyemweka wao, wakati majeshi yao yakirudi nyuma kuja kusini. Akatoroka, akajificha kwa wajomba zake, na baada ya miezi michache Waingereza waliokuwa wakipanda kutoka Lindi wakamkamata naye akavishwa kibati chenye namba shingoni. Mdogo wake hakuwahi kutoroka. Alivuka Mto Ruvuma pamoja na kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mwezi Novemba 1917 na hakuonekana tena. Jina la huyo mdogo wake limerithiwa katika ukoo wetu mara tatu mpaka sasa, na kila anayepewa huelezwa, siku anapopata akili ya kuelewa, kwamba jina hilo ni la mtu asiye na kaburi.

Katika nyumba yetu, ugali usioiva vizuri huitwa ugali wa vita. Nilipokuwa mtoto nililiona neno hilo kuwa la utani tu. Mzee yule alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa hilo. Mtu akiepua chungu kabla ya wakati alinyanyuka alipoketi, akaenda jikoni mwenyewe na fimbo yake, akaonja kwa kidole, akaamuru chungu kirudishwe motoni, na wanawake wa nyumbani walimtii bila kumhoji. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikijiandaa kufundisha kidato cha tatu, nilisoma kwamba wachukuzi wa vita ile waliuawa na magonjwa kuliko risasi, na kwamba miongoni mwa magonjwa yaliyowamaliza zaidi lilikuwa tumbo la kuhara damu, ambalo lilichochewa na unga wa mahindi uliopikwa harakaharaka na watu waliochoka, wenye kuni mbichi, wengi wao wakiwa wametoka makwao ambako chakula chao kilikuwa ndizi au mtama. Nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mzee wetu alikuwa ameona watu wakifa kwa ugali mbichi, na njia pekee aliyoijua ya kutukinga ilikuwa kusimama jikoni.

Naomba mfikirie jambo hilo kwa makini. Vitabu vinaeleza kwa nini watu walibebeshwa mizigo: mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota, barabara hazikuwepo, na kwa hiyo jeshi zima lilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Vinaeleza pia kwamba mchukuzi wa unga naye alikula, hivyo kadiri safari ilivyokuwa ndefu ndivyo walivyohitajika watu wengine wa kuwabebea chakula wale wa mbele, na wengine tena wa kuwabebea hao. Lakini namna mtu mmoja aliyenusurika alivyoishi na jambo hilo kwa miaka zaidi ya 50 haimo katika kitabu chochote. Imo katika neno moja la jikoni kwetu, na watoto wangu ndio wa mwisho kulitumia wakijua maana yake.

Kariakoo tunaipenda na kuisifia, na jina lake limetokana na kambi ya kikosi cha wachukuzi wa Waingereza, kilichoitwa Carrier Corps, kama ilivyo Kariokor ya Nairobi. Watu wanaingia na kutoka pale kila siku na mizigo kichwani. Soko lilipoungua mwezi Julai 2021 taifa zima lilishtuka, na ni haki lilivyoshtuka. Mimi sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyekuja darasani akiwa tayari anajua jina hilo lilikotoka, na kwa miaka yote niliyofundisha nilifurahi kuwa wa kwanza kuwaambia, lakini pia nilihuzunika kuwa wa kwanza.

Mwezi Aprili mwaka huohuo wa 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kosa la miaka mia moja. Ripoti ilisema kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao Wahindi na Waafrika, walienziwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, ambao huenda wakafikia 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Tazameni upana ulio kati ya 116,000 na 350,000. Ni kwamba hata wenye madaftari hawajui waliwapoteza watu wangapi. Wanaoweza kuupunguza upana huo, japo kwa mtu mmojammoja, ni familia, na familia ziko huku kwetu.

Naogopa kwamba tukisubiri orodha kutoka Ulaya tutapata orodha isiyotufaa. Nitaeleza kwa mfano wa babu yangu mwenyewe, mtoto wa yule mchukuzi.

Babu alijiunga na keya, yaani jeshi la Waingereza la King's African Rifles, wakati wa Vita Kuu ya Pili, bila kumuaga baba yake, kwa sababu mzee alikwisha kuapa kwamba hakuna mwanawe atakayemtumikia tena Mzungu vitani. Alipofika mezani kwa karani wa kuandikisha, akaulizwa jina, akaogopa kwamba akitaja jina lake habari zitarudi nyumbani kwa jumbe. Akataja jina lake la utotoni, lile alilokuwa nalo kabla ya kuingia jandoni. Mnaotoka kusini mnajua uzito wake: jina la kabla ya jando mtu huliacha hukohuko, na kumwita nalo mtu mzima ni kumtukana. Ndilo hilo lililoandikwa. Kwa hiyo Mwingereza anayo karatasi, pengine mpaka leo, yenye jina ambalo hakuna mtu wa kijijini angethubutu kulitamka, likifuatiwa na jina la baba lililoandikwa kwa tahajia ya karani asiyejua lugha yetu, na jina la wilaya. Mtafiti akija Masasi na jina hilo mkononi atazunguka vijiji vyote na hatampata mtu. Wanaojua kwamba mtu yule ni babu yetu ni sisi wachache tulioambiwa na bibi, kwa sauti ya chini, siku za mwisho za uhai wake.

Hati yake ya kuachishwa jeshi ninayo. Imekunjwa mara nne, imechanika kwenye mikunjo, na bibi aliishona upande mmoja kwa uzi mweusi kana kwamba ni nguo. Ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, ikazungushiwa nailoni, na kopo likawekwa juu ya dari karibu na moshi ili mchwa wasilifikie. Namba ya askari inasomeka. Alama ya kidole gumba inaonekana vizuri kuliko maandishi yote, kwa kuwa aliondoka nyumbani hajui kusoma. Kusoma alijifunzia hukohuko jeshini.

Alipigana Bama, yaani Burma, ambayo leo ni Myanmar. Alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944, wakati wa masika ya huko, kuanzia Tamu hadi Kalewa kwenye Mto Chindwin, ambako walivuka mwezi Desemba. Alituambia kwamba matope yalifika magotini kwa miezi, kwamba malori yalizama wakarudia kubeba kwa mabega, na kwamba alipojitwika kreti ya kwanza ya risasi alimkumbuka baba yake akatokwa na machozi mbele ya vijana wenzake. Mzee alipopata habari kwamba mwanawe yuko jeshini, hakumlaani. Alimtuma mtu aliyekuwa akirudi kambini amfikishie neno moja: asile kisichoiva.

Alikuwa pia na hadithi ya meli iliyotoka Mombasa ikiwa imejaa askari wa mizinga, ikapigwa baharini mchana ikazama kabla watu hawajamaliza kula. Tulipokuwa watoto tuliiweka pamoja na hadithi za sungura na fisi. Meli hiyo ni Khedive Ismail. Ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives tarehe 12 Februari 1944, kwa dakika chache tu, na karibu watu 1,300 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Babu hakuwa ndani yake; aliisikia kambini kutoka kwa waliopoteza ndugu, na aliihifadhi kwa usahihi ambao sikumpa heshima nao mpaka alipokwisha kufa. Kosa hilo ni langu, na linanisukuma kuandika barua hii kuliko kitu kingine chochote.

Waheshimiwa, nilijaribu njia ya kawaida. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda na kopo lile katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa kuwa sikusudii kumwaibisha mtu, nikaeleza kwamba nina hati na nina maelezo ya mdomo ya vizazi vitatu, nikauliza ni nani anayeyapokea. Nilipokewa kwa adabu. Nikaambiwa niache hati halisi pale, nitapigiwa simu. Nilipoomba risiti nikaambiwa hakuna utaratibu wa risiti kwa vitu vya namna hiyo. Kuhusu maelezo ya mdomo nikaambiwa niandike barua. Nilirudi na kopo langu, kwa sababu namjua jamaa mmoja wa tarafa ya jirani ambaye aliacha nishani tatu za baba yake mahali pengine kwa maneno hayohayo na hakuziona tena. Barua niliandika. Sikujibiwa, na baada ya kungoja mwaka mmoja na nusu nimeona nibadilishe njia.

Ninachoomba si fedha. Najua familia nyingi zina madai ya haki, kwa maana mishahara ya wachukuzi wengi waliofia njiani haikuwafikia warithi wao, na sitaki kumwambia mtu aache dai lake. Mimi naomba daftari. Naomba kila kata iwe na daftari la kuandikisha waliotumikia vitani, linaloshikwa na afisa anayejulikana, ambamo familia inaandika jina la mtu wao kama ukoo unavyolijua na kama karatasi inavyolitaja, jina la kijiji alichotokea, vita aliyokwenda, alichokuwa akifanya huko, alirudi au hakurudi, na nani anayesimulia. Naomba karatasi na nishani zipigwe picha palepale mbele ya mwenyewe na kurudishwa mkononi mwake saa ileile. Hilo la kurudisha lisipoandikwa waziwazi katika utaratibu, watu hawatakuja, na nisingewashauri waje.

Naomba pia sauti zirekodiwe, tena kwa lugha ambayo msimulizi alisimuliwa. Kiswahili ni lugha yangu ya kazi na naipenda, lakini bibi yangu alinieleza habari za jina la jandoni kwa Kimakua, na nilipozitafsiri kwa ajili ya barua hii niliona namna zilivyopungua mkononi mwangu. Mgogo anayeeleza Mtunya, ile njaa iliyoiangamiza Ugogo baada ya majeshi, kwanza ya Kijerumani na kisha ya Kiingereza, kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kulima, aachwe aieleze kwa Kigogo. Tafsiri itafuata. Simu ya kawaida ya mkononi inatosha kwa kazi hii, na vijana wa kidato cha nne wanaweza kuifanya vizuri wakifundishwa wiki moja.

Watafuteni wanawake kwanza. Nasema hivyo kwa uzoefu, si kwa kufuata msemo wa siku hizi. Wanaume wa kwetu waliorudi vitani walikuwa wazito wa kusema, na walichosema walikisema usiku kwa wake zao. Babu alitusimulia matope na meli. Habari za rafiki yake aliyemshika mkono mpaka akakata roho tulizipata kwa bibi. Isitoshe wanawake wenyewe walikuwamo. Wake wa askari weusi wa jeshi la Kijerumani waliandamana na vikosi mpaka mwisho wa safari, na waliobaki vijijini walilima, walifichia watu, walinyang'anywa mbegu, walizika watoto. Akina bibi hawa hawataandika majina yao katika daftari la mashujaa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba linawahusu.

Kuna jambo gumu ambalo ni lazima nilitaje, vinginevyo nitakuwa sikusema kweli. Si kila simulizi itakayoletwa itakuwa ya kupendeza. Waliomkamata baba wa babu yangu mara ya kwanza walikuwa askari weusi, na aliyemchapa viboko kumi na tano kwa kuangusha sanduku alikuwa mtu aliyeongea Kiyao na ambaye ukoo wake unajulikana. Wajukuu wa askari huyo wapo, tunazikana nao na tunaozana nao. Askari wa shaba wa mtaa wa Samora na mchukuzi anayetajwa chini yake hawakuwa wakitazamana kwa jicho moja. Naomba daftari lipokee yote mawili, bila afisa yeyote kuamua kwamba hili linafaa taifa na lile halifai, na kwamba pale penye jina la mtu aliyedhulumu, pawe na muda wa kufunga ukurasa huo ili wajukuu wasije wakaulizwa makosa wasiyoyatenda. Watu wa kumbukumbu wanazijua taratibu za namna hiyo na wanazo sheria zake.

Uwezo upo, na hilo nalisema kwa fahari. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa imetunza majalada ya utawala wa Kijerumani vizuri kiasi kwamba UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia mwaka 1997. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, ambako Rais wa Ujerumani alifika mwezi Novemba 2023 akainamisha kichwa na kuomba msamaha kwa wajukuu wa walionyongwa na Wajerumani katika Vita ya Majimaji. Alipata wa kumwomba msamaha kwa sababu watu wa Songea waliyashika majina ya wazee wao. Sisi wa Lindi na Mtwara tumepakana na uwanja wa Mahiwa, ambako mwezi Oktoba 1917 kulipiganwa mapigano ambayo ni miongoni mwa makali kabisa ya vita ile katika Afrika Mashariki, na magari yetu yanapita hapo kila siku yakielekea Lindi. Akija mtu leo kutaka kuomba radhi kwa wachukuzi wa Mahiwa, ofisi ipi itamwonyesha wajukuu wao ni nani?

Nimeacha Vita ya Kagera mwisho kwa sababu hapo bado hatujachelewa.

Baba yangu mdogo alikwenda. Alikuwa mgambo, akachukuliwa mwishoni mwa mwaka 1978 baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza kwamba tutampiga Amin, akavuka Mutukula, akapita Masaka na Lukaya, na alikuwa karibu na Kampala ulipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Yeye yuko hai. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amekaribia au amepita miaka 67, na wengi wao wana kisukari, wana shinikizo la damu, wanakwenda kliniki kwa bodaboda. Taifa limewaheshimu: waliolala Kaboya wana makaburi yanayotunzwa, na kila tarehe 25 Julai mkuki na ngao huwekwa kwenye mnara kwa ajili yao. Nashukuru kwa dhati. Lakini heshima hiyo ni ya wote kwa pamoja, na baba mdogo hajawahi hata siku moja kukaa mbele ya mtu wa Serikali mwenye daftari akaulizwa: wewe ulikuwa wapi, na nani, na mlikula nini?

Anazo barua 11. Niliziandika mimi kwa mkono wangu nikiwa kijana wa miaka 18, bibi akisema nami nikiandika, kwenye karatasi za daftari la hesabu. Mwaka juzi alinitolea akaniwekea mezani. Sikuwa nimejua kwamba alizitunza. Alizivalisha ndani ya soksi, akazibeba mfukoni kutoka Kagera mpaka Kampala na kurudi nazo. Katika ya nne bibi alinitaka niandike habari za korosho na mvua, halafu akanyamaza kwa muda mrefu, nami nikadhani amemaliza. Kisha akasema niandike: usile kisichoiva. Niliandika bila kuuliza. Bibi huyo alikuwa mkwe wa yule mchukuzi, naye alikuwa amelisikia neno lile likienda Bama.

Vijana wawili niliosoma nao hawakurudi kutoka Uganda. Mama wa mmoja wao bado yu hai, ana miaka zaidi ya 90, na anaweza kukueleza rangi ya shati aliloondoka nalo mwanawe. Nimekwisha kumrekodi kwa simu yangu, dakika 40, kwa idhini yake, nayo sauti hiyo imo ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka. Siwezi kuiita hiyo hifadhi.

Kwa hiyo naomba mpange kuanza na wapiganaji wa Kagera walio hai, kata kwa kata, na wakati mnawahoji juu ya vita yao muwaulize juu ya baba zao na babu zao, kwa sababu wao ndio waliokaa miguuni pa wazee wa Bama na kuwaona kwa macho wazee wa Kariakoo. Swali moja la nyongeza kwa kila mmoja litafungua vita mbili zilizopita. Majina yakikusanyika, itakuwa rahisi Serikali kuwaomba Waingereza na Wajerumani nakala za orodha zao za wachukuzi na askari, na kuzilinganisha. Na jina kama lile la babu yangu, lililoandikwa kwa hofu mezani kwa karani, litampata mwenyewe.

Mtaona kwamba sikuandika jina la mtu yeyote wa ukoo wangu katika barua hii. Nilikaa na wazee wa nyumbani tukalizungumza, tukakubaliana kwamba majina hayo yataandikwa kwa mara ya kwanza katika daftari la Serikali, yule asiye na kaburi akitangulia. Mimi napatikana Masasi. Kopo, barua 11 na baba mdogo vyote viko tayari, nami nitakuja navyo siku yoyote na ofisi yoyote mtakayoitaja.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu, Masasi